Nani Aligonga Geti

Georgetown, 18 Septemba 1994

Mdogo wangu Lakeram,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, si kitandani, na kwamba Indranie anakupikia vitu vyenye pilipili, maana uji wa hospitali humfanya hata mzima ajione maiti. Huku tuko salama. Shemeji yako Seecharan amestaafu bandarini na sasa anashinda nyumbani akinifundisha namna ya kuosha vyombo, kazi ambayo hajawahi kuifanya hata mara moja. Mvua iliingia hadi sebuleni wiki iliyopita. Halmashauri inasema mitaro yote ni mizima. Nimewajibu gazetini, na wao wamenyamaza, kama kawaida yao.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu.

Mkeo Indranie ameniandikia kurasa mbili. Ya kwanza yote ni Mdachi. Kwamba mama yake amegundua nyumba yenu imejengwa juu ya kaburi la Mdachi wa zamani, Mholanzi wa enzi za ukoloni, kwamba mzimu wake ulikupanda ukataka kukuondolea uhai, na kwamba panditi wa hekalu ameshasoma dua zake, bendera nyekundu imesimikwa uani, na mambo yamekwisha. Ukurasa wa pili ananiomba nisimwambie mtu.

Lakeram, wewe ni mwalimu mkuu. Wadachi waliondoka nchi hii kabla babu zetu hawajaletwa kutoka India kukata miwa. Hatujawahi hata kuonana nao. Huyo Mdachi angekuja kututafuta sisi kwa ugomvi gani?

Unakumbuka Jumapili za Baba. Tukimaliza kula anatupanga kwenye ngazi, anatoa mada, anasema, "Chagua upande." Ukimjibu kwamba pande zote zina ukweli kidogo, unafukuzwa ukalishe bata. "Mwenye pande mbili hana upande," ndivyo alivyokuwa akisema, na wewe ulilisha bata kuliko sisi wote. Basi nakuuliza kama ambavyo yeye angekuuliza. Ulitaka kufa, au hukutaka? Nipe jibu moja. Nikilijua, nitajua la kufanya.

Dada yako,
Dhanmattie

*

Corentyne, 9 Oktoba 1994

Didi, dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika pamoja na kitambaa cha Indranie, naye amekipenda, anasema kitamtosha yeye na mapazia. Mpunga tumeuvuna kabla mvua haijaulaza. Paa la shule linavuja juu ya darasa la nne, kwa hiyo darasa la nne wanasoma wakiwa wamejazana upande mmoja kama abiria wa kivuko. Mwanangu Reshma amekuwa wa pili katika mtihani na amenuna siku nzima kama aliyefeli. Hiyo ni damu yako, si yangu.

Kuhusu lile jambo, nilipatwa, nikapelekwa hospitali, nikarudi. Jirani yetu Mzee Budhram alinikuta karibu na geti lake akaita watu. Hayo ndiyo yote.

Mama mkwe anasema ni Mdachi, na mimi sibishani naye. Ngoja nikuambie kwa nini. Koplo wa polisi alikuja hadi kitandani kwangu. Kijana mstaarabu, akavua kofia. Akasema, "Mwalimu, nisaidie. Mtu akijaribu kujiua, sheria inasema ni kosa, nimpeleke mahakamani. Lakini mtu akipandwa na mzimu, hilo si la polisi." Nikamwambia, "Basi ni mzimu." Akasema, "Asante sana, Mwalimu," akavaa kofia yake akaenda.

Kwa hiyo huyo Mdachi unayemcheka ndiye anayesimama kati yangu na hakimu. Bila yeye ningepandishwa kizimbani wazazi wa wanafunzi wangu wakinitazama, na shule ingepewa mtu mwingine. Mwache akae. Wala usimwandike popote, Didi. Nakujua.

Swali lako nimelisoma. Ng'ombe wa Budhram ameingia tena kwenye bustani ya maboga, ngoja nikamtoe.

Mdogo wako,
Lakeram

*

Georgetown, 24 Oktoba 1994

Lakeram,

Seecharan anakusalimu. Amenunua redio mpya ya kusikilizia kriketi na sasa nyumba yetu ina wanaume kumi na mmoja. Mchumba wa binti wa jirani yetu Kamla amekimbilia Toronto. Waliomjua hawashangai.

Ng'ombe wa Budhram amekuwa na bahati ya kuingia bustanini mwako kila unapoulizwa swali.

Haya, hujajibu, basi nitajibu mimi. Nimekaa jana kutwa nikakuandalia hoja. Unaye Reshma, ambaye bado hajafika hata bega lako. Unaye Indranie, aliyekusubiri miaka sita baba yake akimtafutia wachumba wenye trekta. Nusu ya kijiji hicho inajua kusoma kwa sababu yako. Una afya, una nyumba, una shamba. Uchungu hupita, kifo hakipiti. Nimezisoma hoja hizi mara ya pili na ya tatu na sioni mtu mwenye akili timamu anayeweza kuzipinga. Zibandike ukutani. Ukianza mawazo yale, zisome kwa sauti.

Na kuhusu sheria, samahani, hilo siwezi kulinyamazia. Aliyetoka kuzama anafikishwa mahakamani kwa kosa la kulowa! Mwingereza alituachia sheria hiyo, kwao wenyewe wakaifuta zamani, na sisi bado tumeikumbatia kama urithi wa mama. Wangapi pwani hiyo wamekaa kimya kwa kuogopa koplo, na kimya kikawamaliza? Nitaandika. Sitakutaja jina wala kijiji. Mtu mmoja lazima aseme.

Dhanmattie

*

Georgetown, 20 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Diwali imepita bila neno kutoka kwenu. Tuliwasha taa zetu kwenye ngazi, upepo ukazima nusu, Seecharan akaziwasha tena huku akilaumu serikali. Kwenu ziliwaka?

Makala imetoka Jumapili ya juzi. Nimeambatanisha. Wameandika wasomaji wengi, wawili wananitukana, na padri mmoja anataka mdahalo wa hadharani. Nimekubali. Nimesema tu "mwalimu mkuu mmoja wa Corentyne ambaye familia yake imelazimika kumsingizia Mdachi." Walimu wakuu wa Corentyne ni wengi.

Indranie hajajibu pia. Labda posta imelala.

Dhanmattie

*

Georgetown, 11 Desemba 1994

Lakeram,

Natuma keki nyeusi ya Krismasi kwa mkono wa mtoto wa Kamla anayepanda kivuko kesho. Imelowekwa ramu ya kutosha, Reshma asipewe kipande kikubwa.

Sitaki jibu la swali. Sitaki hoja. Andika neno moja tu kwenye karatasi yoyote umpe huyo kijana arudi nalo. Kama hutaki kuniandikia, mwambie Indranie aandike. Kama yeye hataki, mwambie Reshma achore bata.

Dada yako

*

Corentyne, 4 Januari 1995

Didi,

Tuko hai, sote watatu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilotaka kulisoma kwanza. Keki ilifika. Indranie aliiweka juu ya kabati wiki nzima bila kuikata, na unajua maana yake. Mwishowe tuliikata kwa ajili ya mtoto.

Walimu wakuu wa Corentyne ni wengi, unasema. Wenye bendera mpya nyekundu uani ni mmoja. Siku ya pili baada ya gazeti kufika, niliingia duka la Persaud kununua chumvi. Mmoja wa wanywaji wa ramu akasema, "Mwalimu, siku hizi Mdachi anasoma gazeti?" Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha wakamgeukia Mzee Budhram, wakamnywesha, wakamchokonoa hadi akasema lile tulilokubaliana asiliseme. Tangu siku hiyo hawanihurumii tena. Wanasema, "Kumbe alikuwa anaigiza. Mwenye nia hagongi geti la mtu."

Sasa nitakuambia, kwa sababu umeshawaambia wengine wote nusu yake.

Budhram hakunikuta. Niligonga geti lake mimi mwenyewe.

Siku ile nilitoka nyumbani nimeamua. Usiniulize zaidi ya hapo, sitakueleza, wala hakuna faida. Lakini mchana ule ule, kwa mikono hii hii, nilikuwa nimeloweka dengu za kesho yake, na nilikuwa nimemwambia Reshma alete kiatu chake kilichobanduka nikishone jioni. Mtu aliyeamua haloweki dengu. Na mtu ambaye hajaamua hatoki kama nilivyotoka. Wote wawili walikuwa mimi. Wala hawakuwa wakipokezana zamu. Walikuwa pamoja, saa moja, mwili mmoja, kila mmoja anavuta kwake, na uchovu wa kuvutwa ndio uliokuwa unaniua zaidi ya lolote jingine.

Nilipogonga lile geti nilikuwa bado nataka kufa. Hilo ndilo hakuna anayelielewa, si walevi wa Persaud, si wewe. Sikubadilisha upande. Mkono tu ndio uliogonga, na sikuuzuia. Budhram akafungua amekunja uso, akasema, "Mwalimu, ng'ombe tena?" Nikamwambia, "Si ng'ombe, Mzee. Nisaidie, sijiamini." Akanishika mkono kama mtoto na hakuuachia hadi hospitali.

Ndiyo maana nilimpenda Mdachi. Si kwa ajili ya koplo peke yake. Ukisema ni mzimu, watu wanakupisha njia. Ukisema ulitaka na hukutaka, wanakuona mwongo mara mbili.

Na hoja zako, Didi. Nilizisoma. Sikuzibandika ukutani. Kila ulilosema, yule anayetaka kuondoka alilijibu. Na yeye ni mtoto wa Baba, amekaa kwenye ngazi zile zile. Ukimtajia Reshma, ana uongo wake kuhusu Reshma, anausema vizuri sana, hata mimi nakaribia kuuamini. Ukimtajia shule, ana la kusema kuhusu shule. Ulipofika mwisho wa ukurasa yeye alikuwa amepata mazoezi mazuri na mimi nilikuwa hoi. Yule aliyegonga geti alikuwa amekaa kando muda wote huo. Hukumuuliza kitu. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Koplo alirudi, gazeti kwapani. Akasema, "Dada yako anaandika vizuri, Mwalimu. Sasa mkubwa wangu amesoma, ananiuliza mimi nilikuwa wapi." Nikamwambia ukweli wote, nimechoka. Akasema, "Sheria inataka kujua kama ulikusudia. Nikiandika 'ndiyo na hapana' hakimu atanifukuza." Nikamwambia hata baba yangu angenifukuza. Akasema atarudi akijua la kuandika. Hadi leo hajarudi. Kila baiskeli ikipita barabarani, Indranie anaacha kukanda unga.

Usijibu barua hii kwa hoja. Ukinijibu kwa hoja sitakuandikia tena.

Lakeram

*

Georgetown, 15 Januari 1995

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Mafua kidogo.

Nimeandika barua kadhaa na kuzichana. Zote zilikuwa nzuri. Moja ilikuwa nzuri kiasi kwamba Seecharan aliisoma kwenye kikapu cha taka akasema, "Hii ingemshinda yeyote." Hapo ndipo nilipoichana vipande vidogo zaidi.

Nilikuweka kwenye gazeti ukiwa umenikataza, nikaita ujasiri, na aliyeulipia ni wewe. Sina utetezi. Mdahalo na padri nimeufuta. Mhariri nimemwambia makala ya pili haipo. Sheria ile bado naichukia, lakini nikiipiga tena, sitatumia mwili wako kama rungu.

Nataka kukuuliza mambo mawili, na ukitaka usijibu. Yule aliyegonga geti anataka nini? Sisemi sababu kubwa za kuishi, hizo nimezimaliza. Namaanisha, siku ya Jumanne, anataka nini? Na yule mwingine anasema nini? Huyo naye nitamsikiliza. Sitamjibu. Ninavyoandika hivi vidole vinawasha, na namwona Baba ananitazama kutoka kwenye picha yake kana kwamba nimeuza nyumba. Lakini nimefikiri. Nikimzomea yeye, nakuzomea wewe, na wewe ukizomewa unaacha kusema. Nimekusoma miezi hii yote, Lakeram. Unaponyamaza ndipo ninapoogopa.

Amri moja tu, kwa sababu mimi bado ni dada mkubwa. Siku ikiwa mbaya, usianze na mimi. Barua inalala njiani siku nyingi. Mwambie kwanza Indranie au Budhram, mtu unayeweza kumgusa. Na ufunguo wa stoo ya shamba uende kwa Budhram, ukae huko. Kama vibarua wanataka kitu, watamwomba yeye.

Dhanmattie

*

Corentyne, 12 Februari 1995

Didi,

Leo sina salamu. Leo ni siku mbaya, na nakuandikia nikiwa ndani yake, si baada ya kutoka.

Nimeshamwambia Indranie. Nilimfuata kwenye ngazi za nyuma alikokuwa akimenya maharage, nikasema, "Imerudi." Hakuuliza nini. Alisukuma sufuria, nikakaa, akasema, "Basi menya." Budhram amekuja, yupo kwenye machela iliyoninginizwa kwenye nguzo chini ya nyumba, anajifanya amelala. Nesi wa hospitali, yule mwanamke mrefu anayekuja kunitazama kila mwezi, tumempigia simu kutoka kwa Persaud. Atakuja kesho asubuhi na gari la kliniki. Kasema nisiachwe peke yangu hadi hapo, na siachwi. Reshma ananiona kama mtu anayelindwa na serikali.

Uliuliza kila mmoja anasema nini. Yule anayetaka kuondoka anasema amechoka. Akitolewa maneno yote mazuri mazuri, ni hilo tu, amechoka na hajui njia nyingine ya kupumzika. Watu wanatafuta sababu. Wanasema ni kwa sababu nilinyimwa cheo cha ukaguzi wa shule, wanasema deni la trekta, wanasema mama yetu alikuwa hivyo hivyo. Kila mtu ana sababu yake mfukoni, na kila sababu ni kweli kidogo. Lakini yeye akiongea, hazitaji.

Yule aliyegonga ana sauti ndogo. Nimekaa nikimsikiliza tangu asubuhi na aliyonipa ni machache. Anataka Indranie asiondoke hapo alipo. Anataka kujua mtoto wa Ramdass, yule mwenye kigugumizi, atasoma shairi lake Ijumaa au atakimbia. Na anataka uje. Nilishangaa, maana mimi nilikuwa bado nimekukasirikia.

Indranie anasoma juu ya bega langu. Anasema keki ilikuwa kavu.

Lakeram

*

Verandani kwako, 22 Februari 1995

Lakeram,

Sina pa kuituma barua hii. Umelala chumba cha pili, na mlango uko wazi kama mkeo alivyoagiza. Mchana huu hakuna upepo na bata wa Budhram wamelala juu ya maji ya mfereji, vichwa wamevificha mbawani. Naandika kwa sababu nimekaa kimya siku nne, na kwa mtu kama mimi maneno lazima yapate pa kutokea.

Jana tulipokuwa tunamenya kamba, ulisema yale uliyosema kuhusu Reshma, kwamba angepona haraka kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nikavunja kichwa cha kamba, kisha cha pili, kisha cha tatu. Ukasema, "Didi, umenyamaza." Nikasema, "Nasikiliza." Ukasema, "Inatisha kuliko hoja zako." Kisha ukalia, nikaendelea kumenya kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umeushika. Baadaye, hakuna aliyekuuliza, ulisema mwenyewe kwamba si kweli, kwamba asingepona. Mimi nisingeweza kukushawishi hilo kwa mwaka mzima. Nesi aliniambia, nilipomsindikiza kwenye gari, kwamba bado tuna njia ndefu na zitakuja siku nyingine. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Koplo amepita leo ukiwa umelala. Indranie akaacha unga. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nadhani mtu aliyenijua angeita daktari. Akauliza, "Mwalimu yuko vipi?" Indranie akamwambia, "Muulize mwenyewe akiamka. Leo atakwambia hivi, kesho atakwambia vile, na vyote vitakuwa kweli." Koplo akasema hilo hawezi kuliandika. Indranie akasema, "Basi usiandike, kula." Alikula roti mbili na achari ya embe, akasema atapita tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata, hadi mkubwa wake ahamishwe. Sikuelewa kama ni tishio au ni wema. Labda naye hajui.

Nitakaa hadi Phagwah, sikukuu yetu ya rangi. Seecharan amejifunza kuosha vyombo.

Ukiamka na yule aliyechoka ameamka kabla yako, usitafute maneno ya kunipangia. Njoo naye tu. Nipo jikoni.

Dhanmattie